Mchango wa Mama Kanga

Moto wa nyika uliteketeza kiota cha Mama Kanga pamoja na akiba yake yote, akabaki na vifaranga na majivu. Wanyama wakamwonea huruma, wakamchangia mtama mpaka gunia likajaa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nyumbu, aliyependa kusikika, alisema afadhali mtama huo wapewe wanaochimba bwawa la wanyama wote, kila mmoja afaidike. Korongo, mpenda jamaa zake, akasema hata ng'ambo ya mto wako waliounguliwa, tena ni shemeji zake.

"Tusigombane," alisema mwenyekiti Ngiri, ambaye hakuwahi kuchoshwa na kikao. "Tukae tujadiliane. Ila wajumbe hawawezi kujadili na njaa. Mama Kanga, hebu tupikie kidogo."

"Nipike nini, mwenyekiti? Kwangu kumeungua."

"Si huo mtama upo?"

Mama Kanga akapika. Kesho yake kikao kikaendelea, akapika tena. Kila siku Nyumbu alipaza sauti, Korongo akawataja shemeji zake, na Ngiri akaahirisha kikao wote wakishashiba.

Hatimaye wakakubaliana kwa kauli moja: mtama wote apewe Mama Kanga. Wakapiga makofi, na Ngiri akamkabidhi gunia. Mama Kanga akalikung'uta. Ikadondoka punje moja.

Wajumbe wakatazamana. Ngiri akakohoa.

"Kuhusu hiyo punje, waheshimiwa..."

Lakini Mama Kanga alikuwa ameshaidonoa.