Vepu ya Mkwe

Kile kitu kilikuwa kimechomekwa kwenye soketi nyuma ya kabati la vyombo. Kiliwaka taa ndogo ya kijani na kilinukia maembe, na maembe yenyewe msimu wake ulikuwa bado. Kaveke alikichomoa, akakinusa tena, akakirudisha palepale. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Redio ilikuwa imekiimba wiki nzima.

Kijana mmoja, redio ilisema, alilipukiwa na vepu mfukoni, ile sigara ya kuchaji, akaungua paja. Tangu hapo kila asubuhi mtangazaji alileta mtu mwingine wa kuisema. Leo mchungaji, kesho mwenye duka akiapa kwamba kosa si la bidhaa, ni la mtumiaji anayeokota chaja yoyote na kulala na vepu kitandani. Lakini daktari ndiye aliyemtia Kaveke baridi. Alisema moshi ule si mvuke wa chai, na mtoto mchanga hafai kuwa karibu nao.

Mjukuu wake, Mulei, alikuwa mchanga, na kifua chake kilikoroma usiku na mchana. Ndiyo sababu Kaveke aliacha shamba lake kule Matiliku akaja Malili kumsaidia binti yake, Nzilani, kulea. Kule kliniki, nesi aliuliza kama kuna mtu anayevuta sigara nyumbani. Nzilani alisema hakuna.

Jioni Kaveke alimwonyesha kile kitu.

“Hii ni ya Musyimi?”

Nzilani aliendelea kumfunga mtoto nepi. “Usimuulize, mama. Nitaongea naye mimi.”

Na kweli Kaveke asingeweza kumuuliza. Musyimi alikuwa mume wa binti yake, na kati ya Mkamba na mama mkwe wake kuna nthoni, ile heshima isiyowaruhusu wawili hao kula pamoja wala kutazamana usoni. Mama akikaa sebuleni, mkwe hupitia mlango wa nyuma. Tangu Kaveke afike, Musyimi alikuwa akila kwenye kibanda chake cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, na salamu zao zote zilipitia kwa Nzilani. Mama mwingine angejivunia mkwe mwenye adabu hivyo. Kaveke aliona adabu hiyo ni maficho mazuri kwa mtu mwenye siri.

Basi akatuma maneno. Alimwambia Nzilani amwambie mumewe kwamba moshi ule unammaliza mtoto. Nzilani alirudi akasema amesikia, ataacha. Kaveke akatuma tena, safari hii makali. Jibu likaja kwamba mkwe anaomba radhi kwa lolote, na anauliza kifua cha mama kinaendeleaje.

Kaveke alikuwa na kikohozi cha moshi wa kuni, cha miaka yote, ambacho hata yeye alikuwa amekisahau. Sasa mtu anayemvutisha mwanawe sumu anajifanya kuulizia kikohozi cha mzee. Tena hakukoma. Kila salamu ilikuja na kifua, kifua. Kaveke alihisi anachezewa, na damu ikamchemka.

Halafu mambo yakazidi. Alirudi kutoka kanisani akaikuta vepu imelazwa kwenye stuli, mlangoni pa chumba alicholala yeye, na chaja mpya kando yake. Kumbe kijana ameamua kumtupia yeye mzigo. Mchungaji akija kumwombea mtoto, atamkuta yeye, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la Matiliku akiwa na sigara mlangoni. Nzilani alipoiona aliinyakua haraka, akasema anakwenda kuitupa chooni. Asubuhi iliyofuata jikoni kulinukia maembe.

Wiki hiyo Mulei alishindwa kupumua. Mbavu zake ziliingia ndani kila alipovuta hewa, na midomo ikageuka rangi. Walikimbia naye kliniki, akawekwa oksijeni, wakarudishiwa akiwa amelegea mikononi mwa bibi yake. Kaveke hakuwahi kuogopa hivyo maishani, hata alipomzika mumewe.

Hakusubiri tena. Alianza kufunga nguo. Mtoto na mama yake wanakwenda Matiliku, na Musyimi abaki na maembe yake. Nzilani alilia, lakini alikunja nguo, na neno hata moja la kumtetea mumewe hakusema. Hilo kwa Kaveke lilikuwa ushahidi wa kutosha.

Jirani ndiye aliyempelekea Musyimi habari. Musyimi alikuja mbio kutoka kibandani, mikono imejaa weusi wa matairi, akasimama nje pembeni mwa tangi la maji, amegeuza uso ukutani kama inavyompasa mkwe. Hakuthubutu kusogea.

Kaveke alitoka na mtoto mgongoni. Alijua watu wa kwao wangesema nini. Akapiga moyo konde, akazungumza na mgongo wa mkwe wake.

“Musyimi, huyu mtoto naenda na yeye. Chagua, hiyo vepu ama mwanao.”

Musyimi alijibu kwa sauti ya mtu aliyekaribia kulia.

“Mama, mimi nimekuheshimu. Hata chaja ya maana nilikununulia, isikulipukie. Nzilani aliniambia hospitali ndiyo ilikupea hiyo kitu ya kifua, na unaona haya ukiulizwa. Lakini sasa nakuomba, mama, ukitaka kuvuta, enda mbali na mtoto wangu.”