Mtutu Wenye Mipasuo

Taa za ukumbi wa sinema zilikuwa hazijazimwa bado, Raili akamfinya mumewe paja.

"Aa! Nimesema nini?"

"Hujasema. Hiyo ni ya akiba," Raili akanong'ona. "Sikiliza, wewe mzee. Leo ukifungua mdomo kuhusu bunduki, hata neno moja, begi langu liko garini. Naenda kwa dada yangu, mjini Oulu, na Krismasi utakula peke yako."

Urpo Kettunen akaitikia kwa kichwa. Begi alilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyelibeba mpaka garini, akidhani ni nguo kuukuu za kugawa.

Katika ndoa yao yote, hakuna filamu ya vita waliyoitazama mpaka mwisho. Ilitosha mwanajeshi mmoja atokeze kwenye theluji na bunduki isiyo ya mwaka wake, Urpo akasimama. Alisimama katika sinema za mji wa Kuopio, akasimama Lahti, na Helsinki walimtoa nje wanaume wawili, mmoja kila kwapa, huku akiendelea kuwahutubia kuhusu kifyatulio. Alijijua kuwa ni kero. Wenzake hulewa, wakaamka na kutubu. Yeye alikuwa hivyo akiwa hajanywa kitu.

Ndiyo maana mwaka jana aliapa, mkono juu ya birika la kahawa, kwamba hatajiingiza tena katika mambo ya bunduki za sinema. Akaanza kuvua samaki kwenye barafu kama wastaafu wengine. Kila Jumamosi ya baridi aliondoka na kigoda chake na keekee ya kutobolea barafu, akarudi jioni pua nyekundu, uso umejaa raha.

"Majira mazima ya baridi, hata dagaa mmoja hukuleta," Raili alikuwa akimtania mpaka leo. "Na miwani ukaiangusha shimoni. Samaki wa ziwa lile sasa wanasoma magazeti."

Tiketi za leo alisema amezishinda kwenye bahati nasibu. Ilikuwa Siku ya Uhuru, onyesho la kwanza kabisa, na watu walikuja na suti zao za kanisani. Urpo aliomba jambo moja tu.

"Tusitoke kabla ya majina kuisha."

"Majina ya nani?"

"Ya waliofanya kazi. Ni adabu tu, mke wangu."

"Adabu! Wewe!" Raili akacheka, akakubali.

Filamu ikaanza. Desemba 1939, misonobari imeinama kwa theluji, vijana wa Kifini wamejibanza handakini wakiwangoja Warusi. Bunduki zao ndefu zilikuwa sawasawa. Mabomu ya mkono, sawasawa. Urpo akajinyoosha kitini, akatabasamu kama bwana harusi. Raili, kwa mshangao, akamtilia peremende nyeusi ya chumvi kiganjani.

Kisha sajini akachomoka handakini na bunduki ndogo ya rashasha, akaielekeza kwenye kamera. Mtutu ukajaa skrini nzima. Na mdomoni mwa mtutu kulikuwa na kile kichwa chenye mipasuo, cha kuizuia bunduki isirukeruke, kichwa ambacho jeshi lilianza kukifunga mwaka 1942.

Peremende ikamkwama Urpo kooni.

Sajini naye hakuwa na haraka ya kufa. Alikimbia na mtutu ule, akalala nao, mara moja akaubusu. Urpo akalowa jasho mpaka kwenye soksi. Akageuka nyuma. Pentti, bingwa wa klabu yao ya wakusanyaji wa silaha za kale, alikuwa ameinama mbele huku akifuta miwani. Urpo akamwomba Mungu, ambaye hakuwa na mazoea ya kumsumbua, Pentti asiseme kitu.

"Unatetemeka," Raili akanong'ona. "Umeona kitu."

"Sijaona kitu. Filamu nzuri sana. Twende zetu, Raili, magari yatatuzibia njia."

"Na majina?"

"Aah, majina ni majina tu."

Raili akamtazama vizuri: lile jasho, ile midomo iliyobanwa, ile mikono iliyong'ang'ania kiti. Macho yake yakalengwa na machozi.

"Unajizuia hivi kwa ajili yangu," akasema, akimshika mkono. "Mzee wangu jamani. Begi nitalirudisha kabatini, usiogope."

Urpo aliona aibu iliyomkata maini. Maisha yake yote alikuwa na la kusema kuhusu bunduki, na leo, lilipohitajika neno moja la kweli, hakulipata.

Sajini akafa hatimaye. Muziki ukapanda, watu wakapenga makamasi, majina yakaanza kupita polepole kwenye skrini. Raili akasimama. Urpo akamvuta sketi, hata akamfinya paja. Wapi!

"Samahanini, jamani!" sauti ya Raili ikajaa ukumbi. "Mume wangu leo ana adabu, kwa hiyo nitamsemea mimi. Ile rashasha ya sajini ni ya mwaka arobaini na mbili! Mipasuo ile hata mimi mwoka keki naijua, nimeisikia mpaka ndotoni. Sasa niambieni, ni mjinga gani asiye na macho aliyewachagulia?"

"Kweli kabisa, mama!" Pentti akadakia kutoka nyuma.

Ukumbi mzima ukainua macho kwenye majina. Raili akawa anayafuata kwa kidole, akiyasoma kwa sauti, amefurahi kwelikweli kumtetea mumewe.

"Mavazi... si huyu. Farasi... si huyu. Haya, huyu hapa! Mshauri wa silaha, Urpo Kettunen."

Bila kuulizwa, Urpo akampa ufunguo wa gari.