Nakala ya Shaabani

Siku hizo kumbukumbu za mtu zilikaa kwenye simu yake. Simu ya Shaweji ilipotumbukia kisimani, mkewe Riziki alifungua kompyuta ya nyumbani, akamrudishia kumbukumbu hatua kwa hatua. Kumbe kati ya nakala zilizohifadhiwa humo alichagua ya mwezi wa Shaabani, ya kabla mumewe hajaoa mke wa pili.

“Mama Hidaya, wali huu utaniua!” Shaweji alimsifu mkewe, kama zamani. Simu mpya ikaita, akasoma jina kwenye kioo. “Zuwena ndiye nani?”

Riziki aliitazama kompyuta. Nakala ya juzi ilikuwa bado ipo.

“Simjui,” alisema, akaifuta.

“Umenirudisha vizuri. Mwaka jana simu yako ilipoharibika, nami nilikurudisha hivihivi.”

Kijiko cha Riziki kilisita. “Kwa nakala ya lini?”

Shaweji aliinamia sahani. “Kula, mama. Wali unapoa.”