Vunjajungu Asiye na Namba

Namkunda alimwona akiwa bado na ndoo mkononi: vunjajungu wa kijani, chini ya jani la sukumawiki, anatafuna kiwavi. Mgongoni hakuwa na namba. Huyu hakutoka kiwandani, alizaliwa.

"Eliapenda!" alimwita mumewe. "Njoo uone mwenye kazi yake! Wale wa kiwandani wamekodoa macho tu."

Kweli, vunjajungu wa kiwandani, ambao kila bustani ililazimishwa kuwa nao, walikuwa wametulia juu ya vijiti vyao huku viwavi wakitoboa majani chini yao. Mwindaji mwingine yeyote, hata buibui, alipigwa marufuku.

Eliapenda alirudi nyuma. "Usimguse, mke wangu. Anayemgusa vunjajungu huvunja chungu."

"Chungu!" Namkunda alifoka. "Tangu utotoni natishiwa chungu! Mboga za wanangu zinaisha, nawe unawaza chungu?"

Akamchukua mdudu kiganjani, akaingia naye jikoni kwa hasira, akamweka mezani na kumfunika kwa chungu kitupu cha kupikia maharage.

"Atakaa humu mpaka jioni, kisha namrudisha kwenye mboga. Nani atajua?"

Eliapenda alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. Alikuwa anatazama dirisha. Vunjajungu wa kiwandani, ambao hawakuwahi kuondoka vijitini hata siku moja, walikuwa wamejaa kwenye nondo za dirisha, na vichwa vyao vyote vimeelekea mezani.

"Kumbe kuruka mnajua!" Namkunda aliwapigia kelele, akakilalia chungu kwa kifua, na wa kwanza akaingia ndani.