Ndoana za Waya wa Uzio

Mafundi walipomaliza kulizungushia ziwa uzio, waliacha vipande vya waya majanini. Mwasiti aliviokota, akaketi palepale, akavikunja kwa koleo na kuvinoa jiweni hadi vikawa ndoana.

"Shangazi, waya huo ni mali ya tajiri," alisema Shomvi, mpwa wake, aliyeajiriwa kulinda uzio.

"Na ziwa?"

"Nalo kalinunua."

"Kwa nani? Samaki waliokukuza wewe, nilimwomba yeye?"

"Nitafukuzwa kazi, shangazi."

"Basi nipe mgongo, kama ulivyokwisha kunipa."

Alifunga ndoana kwenye mshipi, akatia chambo, akaurusha ng'ambo ya uzio. Mshipi ulilala juu ya waya, ukatulia. Ulipovutika ghafla, Shomvi alikuwa na filimbi mdomoni, hajaipuliza.