Kibuyu cha Kapsoit

Kijana aliyeshinda mbio za nyika Kapsoit alisimama mlangoni na gazeti la jana mkononi, na Zacheus akajua amekuja kumwanika.

Ripoti ya mbio hizo ilikuwa ya Zacheus. Mvua ilimfukuza uwanjani kabla mshindi hajafika, basi akaimalizia mezani vile anavyotunga hadithi zake: mama akimpokea mwanawe kwa kibuyu cha mursik, maziwa yakimtiririka kijana kidevuni.

"Ni wewe uliandika hii?" Kidole cheusi kwa utomvu wa majani chai kilitulia juu ya neno "mama".

"Ni mimi." Zacheus alichungulia nje. Pengine kuna wakili. Pengine katumwa na wale wa gazeti pinzani.

"Mama alitoka nyumbani nikiwa darasa la pili. Hajawahi kurudi."

Zacheus akaanza kutunga uongo wa kujiokoa.

Kijana akavuta kiti, akashusha sauti. "Ni kweli kuna mtu alinipa mursik. Nilikuwa nimechoka, nikakunywa macho yamefungwa. Lakini wewe ulimwona. Alishika barabara gani, ya Kericho ama ya Sondu?"