Doa Chini ya Rangi ya Viatu

Muuguzi alipousugua mkono wa fundi cherehani ili amwekee dripu, pamba ilitoka nyeusi.

"Mama, hii nini tena?"

"Rangi ya viatu," fundi alijibu, macho sakafuni.

Chini yake palikuwa na doa jeupe, dogo kama kifungo cha shati. Lilikuwa limetokea wiki mbili nyuma, naye akawa analipaka rangi kila asubuhi. Alihofia kwamba saratani ya ngozi, iliyoanzia unyayoni, imepanda hadi mkononi, na kwamba wakiliona doa wataacha kumpa dawa.

"Mficha uchi hazai, mama yangu!" Muuguzi alicheka, kisha akaketi kando yake. "Saratani yako ilizaliwa kwenye seli zinazoipa ngozi rangi. Askari wa mwili walikuwa wanaipita wakidhani ni ya ukoo. Dawa hii imewafungua mikono, na sasa huenda wameitambua. Wakiishambulia, wakati mwingine huwapiga hata ndugu zake wasio na kosa, na rangi ya ngozi hupotea. Siwezi kukuapia, lakini ni dalili nzuri. Daktari atafurahi kuliona."

Fundi alilitazama doa, akapitisha kidole juu yake taratibu.

"Mpigie mtu basi, umpe habari," muuguzi alisema.

Fundi alitoa simu, akashuka na majina hadi mwisho. Yote yalikuwa ya wateja. Akairudisha mkobani.

"Hebu niambie tena wewe," alisema. "Polepole."